Vyuma havimfanyi mkimbiaji kuwa mzito

Na MWANDISHI WETU

KUNA imani moja iliyoota mizizi katika kambi nyingi za riadha humu nchini: kwamba mkimbiaji akigusa vyuma atanenepa, mwili utakuwa mzito na kasi itamtoroka. Kwa sababu hiyo wengi hutegemea milima, barabara za vumbi na sahani ya ugali, na huona jimu kuwa mahali pa mabaunsa na vijana wanaotaka kutunisha vifua.

Imani hiyo imewagharimu wengi. Mkimbiaji huishi kwa miguu yake. Msuli wa paja ukichanika wiki tatu kabla ya mashindano, hakosi medali pekee. Hukosa zawadi, hukosa mwaliko wa mbio zinazofuata, na pengine karo ya wadogo zake hukosekana pia. Kwa mwanafunzi aliye kidato cha tatu, goti likiharibika huenda ukawa mwisho wa ndoto ya kupata ufadhili wa masomo ng'ambo. Baadhi hupona, lakini hawarudi tena uwanjani.

La kusikitisha ni kwamba mengi ya majeraha hayo yanaweza kuzuiwa. Kwa miaka mingi sasa wataalamu wa sayansi ya michezo wamechunguza namna mazoezi ya nguvu yanavyomsaidia mwanamichezo, na walichogundua ni kinyume kabisa cha imani hiyo ya kambini.

Mwili hujifunza vipi?

Mwaka wa 1936, mtafiti Hans Selye aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alieleza jinsi mwili unavyokabiliana na shida yoyote inayoukuta. Kwanza hushtuka, kisha hujipanga na kustahimili, na shida ikizidi bila nafuu, huishiwa nguvu. Makocha waliochukua fundisho hilo walielewa jambo moja muhimu: mazoezi yenyewe hayampi mtu nguvu. Mazoezi huuchosha mwili, na nguvu huja wakati wa kupumzika, mwili unapojitengeneza na kujiongezea akiba kidogo kwa ajili ya safari ijayo.

Miaka ya 1940, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu wanajeshi walioumia magoti. Siku hizo wagonjwa kama hao walipewa mazoezi mepesi mno. DeLorme aliwapa uzito wa kunyanyua, na kila walipouzoea akawaongezea kidogo. Walipata nafuu haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kanuni hiyo ya kuongeza mzigo kidogo kidogo ndiyo msingi wa mazoezi ya nguvu hadi leo.

Hata hivyo, makocha wengi waliendelea kuogopa vyuma. Mwaka wa 1969, Chuo Kikuu cha Nebraska nchini Marekani kilimwajiri Boyd Epley kuwanoa kwa mazoezi ya nguvu wachezaji wake wa kandanda ya Kimarekani. Hofu wakati huo ilikuwa ile ile ya kambi zetu, kwamba wachezaji watakuwa wazito. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa kitaifa mwaka wa 1970 na tena 1971. Mwaka wa 1978 Epley akaanzisha chama cha makocha wa mazoezi ya nguvu, na kazi hiyo ikawa taaluma yenye mafunzo na vyeti vyake.

Nguvu bila unene

Swali ambalo wakimbiaji huuliza ni hili: mtu atapataje nguvu bila kuwa mnene?

Jibu limo katika mishipa ya fahamu. Katika wiki za kwanza za mazoezi ya nguvu, msuli haujaanza kukua. Kinachobadilika ni amri inayotoka kwenye ubongo. Nyuzi nyingi zaidi za msuli huamshwa kwa wakati mmoja, na misuli inayofanya kazi pamoja hujifunza kusaidiana. Ni kama watu kumi wanaosukuma gari lililokwama matopeni. Kila mmoja akisukuma kwa wakati wake, gari halitoki. Wakisema "moja, mbili, tatu" na kusukuma kwa pamoja, gari huondoka, ingawa watu ni wale wale kumi.

Jambo la pili ni kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Kano ya kisigino hufanya kazi kama mpira wa manati: mguu unapokanyaga chini hunyooka na kuhifadhi nguvu, na mguu unapoondoka huirudisha nguvu hiyo. Kano iliyolegea hupoteza nguvu nyingi. Iliyozoeshwa mzigo huwa imara, na mkimbiaji hutumia hewa na chakula kidogo kwa kila hatua.

Mwaka wa 1999 watafiti wa Finland waliwachunguza wanariadha wa mbio ndefu kwa wiki tisa. Kundi moja liliondoa karibu theluthi moja ya mazoezi yake ya kawaida na kuweka mahali pake kuruka, kutimka mbio fupi na kusukuma uzito mwepesi kwa kasi. Mwishowe muda wao wa mita 5,000 ulipungua, ingawa uwezo wa mwili wao kutumia oksijeni haukuwa umeongezeka. Walikuwa wamejifunza kukimbia kwa gharama ndogo.

Mwaka wa 2008 watafiti wa Norway walitumia njia nyingine. Wakimbiaji, wanaume kwa wanawake, walichuchumaa na uzito mzito mabegani, seti nne za mara nne nne, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Gharama yao ya kukimbia ilipungua kwa asilimia 5, na muda ambao wangeweza kustahimili kasi ya juu kabla ya kuchoka uliongezeka kwa asilimia 21. Na je, uzito wao? Haukuongezeka.

Kinga kubwa kuliko kunyoosha misuli

Faida kubwa zaidi kwa afya ni kuzuia majeraha. Mwaka wa 2014 wataalamu wa Denmark walikusanya matokeo ya tafiti 25 zilizohusu watu zaidi ya 26,000. Waligundua kwamba mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja, na yale yanayotokana na kutumia kiungo kupita kiasi yalipungua kwa karibu nusu kwa mazoezi ya aina mbalimbali. Kunyoosha misuli, ambako wengi hukuamini kama kinga, hakukuonyesha faida yoyote ya kuzuia majeraha.

Chukua mfano wa misuli ya nyuma ya paja, ambayo huwasumbua mno wachezaji wa kandanda, raga na mbio fupi. Kuna zoezi moja lisilohitaji chombo chochote. Unapiga magoti juu ya mkeka au nyasi, mwenzako anashika vifundo vya miguu yako kwa nguvu. Ukiwa umenyoosha mgongo na nyonga, unajiachilia kwenda mbele polepole, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja hadi ushindwe, kisha unajipokea kwa mikono. Zoezi hilo lilijaribiwa na timu 50 za kandanda nchini Denmark, matokeo yakachapishwa mwaka wa 2011. Katika timu zilizolifanya, misuli ilijeruhiwa mara 15. Katika zile ambazo hazikulifanya, mara 52.

Anayelianza asikurupuke. Wiki ya kwanza mara tano tano, seti mbili, zinatosha. Maumivu ya misuli siku ya pili ni makali kwa asiyelizoea.

Wasichana nao wana sababu zaidi ya kujali. Kwa mchezo ule ule, msichana yuko katika hatari kubwa kuliko mvulana ya kukatika ukano wa ndani ya goti, hasa anapotua chini magoti yakigeukia ndani. Nchini Norway, wasichana karibu 1,900 wa umri wa miaka 13 hadi 17 walifuatiliwa msimu mzima wa kandanda. Vilabu vilivyotumia dakika 20 za kupasha mwili moto kwa mazoezi ya nguvu, kuruka na kutua vizuri, vilipunguza majeraha kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya kwa karibu nusu. Mpango huo unaojulikana kama 11+ ulienezwa na FIFA, na unahitaji uwanja na mpira tu.

Mashujaa wetu hawakutegemea barabara pekee

Anayedai kwamba haya ni mambo ya Wazungu na awatazame mabingwa wetu. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za intaneti, kisha akapata nafasi ya kufanya mazoezi Finland, nchi yenye sifa kubwa katika mchezo huo. Mwaka wa 2015 jijini Beijing alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akapata nishani ya fedha katika Olimpiki za Rio. Urushaji wa aina hiyo hauwezekani bila miguu, kiwiliwili na bega vilivyojengwa kwa vyuma.

Ferdinand Omanyala alitoka katika raga. Septemba 18, 2021, uwanjani Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Mbio hizo ni nguvu tupu: mguu unagusa chini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ndani ya muda huo lazima usukume ardhi kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa.

Hata katika mbio ndefu mambo yamebadilika. Katika kambi ya Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, ambako Eliud Kipchoge alijinoa kabla ya kukimbia marathoni ya Berlin ya 2022 kwa saa 2:01:09, mazoezi ya kuimarisha nyonga na kiwiliwili juu ya mikeka yaliingizwa katika ratiba. Hawakuwa wakitafuta misuli mikubwa. Walitaka mwili usiokunjika kilomita ya 35, wakati uchovu unapowafanya wengine wayumbe na kuburuta miguu.

Ratiba inayofaa

Kocha anayeijua kazi yake haanzi na vyuma. Wiki tatu za kwanza mwanariadha hujifunza mienendo kwa uzito wa mwili wake: kuchuchumaa, kupanda na kushuka ngazi kwa mguu mmoja, kulala chali na kuinua nyonga, kuinua visigino akiwa amesimama kwenye kidato, na kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko. Seti mbili za mara kumi zinatosha.

Baada ya hapo ndipo uzito huongezwa. Seti mbili au tatu za mara nane hadi 12 huimarisha misuli na kano. Baada ya wiki sita au zaidi, aliye tayari huweza kunyanyua uzito mzito zaidi mara nne hadi sita kwa seti, chini ya uangalizi, na kuongeza mazoezi ya kuruka. Siku mbili kwa wiki, dakika 40 kila siku, zinamtosha mkimbiaji. Siku hizo zisifuatane.

Makocha wengi huweka mazoezi ya nguvu siku ile ile ya mbio ngumu, saa kadhaa baadaye, ili siku ya kupumzika ibaki ya kupumzika kweli. Mashindano yanapokaribia, mzigo hupunguzwa, na siku kumi za mwisho miguu huachwa ijae nguvu. Wakati wa msimu, mara moja kwa wiki hutosha kuhifadhi kilichopatikana.

Asiye na pesa za jimu asikate tamaa. Mtungi wa lita 10 uliojaa maji una uzito wa kilo 10, na wa lita 20 una kilo 20. Mkoba wa shule uliotiwa mchanga na ngazi za ghorofa ni vyombo tosha kwa miezi ya mwanzo. Muhimu ni mgongo kubaki umenyooka, goti kufuata uelekeo wa vidole vya mguu, na pumzi kutozuiwa. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza.

Daftari la kocha

Sayansi si lazima iwe mashine za bei ghali. Mtaalamu wa Marekani, Carl Foster, alipendekeza hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Baada ya mazoezi, mwanariadha huulizwa: kati ya sufuri na kumi, kazi ilikuwa ngumu kiasi gani? Idadi hiyo huzidishwa kwa dakika alizofanya. Dakika 60 za ugumu wa 5 ni 300. Dakika 40 za ugumu wa 8 ni 320. Kocha hujumlisha kwa wiki. Jumla ikiruka ghafla, au mwanariadha akianza kusema 8 kwa kazi aliyokuwa akiiita 5, kuna jambo. Pengine halali vizuri, pengine anaumwa, au nyumbani kuna tatizo.

Kocha asiyeandika lolote na anayewapa wanariadha 30 mzigo mmoja, mkubwa kwa mdogo, anabahatisha kwa miili ya watu.

Watoto, chakula na usingizi

Wazazi wengi huogopa kwamba vyuma humdumaza mtoto. Mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri hayazuii ukuaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza watoto wa miaka mitano hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Kinachodhuru ni mashindano ya nani ananyanyua kizito zaidi, na kumkimbiza mtoto kilomita za mtu mzima.

Mwili hautengenezwi kwa hewa. Uchunguzi wa wakimbiaji kumi wa Kenya wa kiwango cha juu uliochapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitokana na vyakula vya wanga, na kwamba nguvu waliyokula ilikuwa chini ya waliyotumia. Ugali na chai ya maziwa ni mafuta mazuri ya mbio, lakini anayenyanyua uzito anahitaji pia protini. Gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kipimo kizuri, yaani takriban gramu 96 kwa mtu wa kilo 60. Yai lina gramu sita hivi, glasi ya maziwa nane. Maharagwe, ndengu, omena na nyama hujaza pengo, na havihitaji unga wa mkebe.

Msichana anayekosa hedhi kwa miezi mitatu asiambiwe kwamba ni dalili ya kujinoa vizuri. Mara nyingi ni ishara kwamba chakula hakitoshi kazi anayoifanya, na mifupa yake imeanza kudhoofika. Apelekwe hospitalini.

Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi. Kijana anahitaji saa nane hadi kumi kila usiku. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia na kulala saa sita usiku akitazama simu anajenga mchana na kubomoa usiku.

Jihadhari na njia za mkato

Penye vyuma hapakosi muuza dawa. Katika baadhi ya jimu za mijini utauziwa vidonge na sindano kwa ahadi ya misuli ndani ya mwezi. Dawa za jamii ya homoni za kiume huweza kuharibu ini na moyo, kupunguza mbegu za uzazi na, kwa wanawake, kubadili sauti kabisa. Chini ya sheria iliyopitishwa mwaka wa 2016, shirika la ADAK hupima wanamichezo humu nchini, na kanuni za kimataifa humwajibisha mwanariadha kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake. Kusema "nilipewa na kocha" hakumwondolei lawama. Hata unga wa kuongeza misuli unaouzwa hadharani unaweza kuwa na vitu vilivyopigwa marufuku ambavyo havikuandikwa kwenye mkebe.

Dalili za kumpeleka mtu kwa daktari

Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya zoezi jipya ni kawaida. Lakini usingoje ukiona haya:

Maumivu ya mfupa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, hasa kwenye muundi au mguuni, yanayozidi kila unapokimbia. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Goti linalovimba saa chache baada ya kujipinda, au linaloachia ghafla unapotembea.

Mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, pamoja na misuli kuvimba na kukosa nguvu. Hii ni dharura, kwani misuli iliyovunjika huweza kuziharibu figo.

Maumivu ya kifua, au kuzimia katikati ya mazoezi.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, dakika 40 kila mara, ni dakika 80. Ukano wa goti ukikatika, mchezaji hukaa nje kwa miezi tisa au zaidi, na gharama ya upasuaji huiangukia familia. Mzazi ambaye mtoto wake yumo katika timu ya shule na amuulize mwalimu wa michezo maswali mawili muhula huu: wanafunzi hufanya mazoezi gani ya nguvu, na ni nani anayeandika mzigo wao?